Kupima densiti: mpingo, jiwe, mshumaa, mafuta na mchanga

Densiti ni tungamo la kitu gawanya kwa ujazo wake. Kanuni yenyewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaikariri kwa dakika moja. Kazi iko kwenye kupima. Tungamo halisumbui sana, maana hata mizani ya jikoni ya bei nafuu hutoa namba ya kuaminika. Ujazo ndio unaoharibu majibu, kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye ujazo.

Andaa mizani inayosoma hadi gramu 0.1, silinda ya kupimia ya mililita 100, rula, uzi mwembamba, maji na kitambaa kikavu. Pima tungamo kwa gramu na ujazo kwa sentimita za ujazo (cm³). Mililita moja ni cm³ moja, kwa hiyo silinda inakupa ujazo moja kwa moja.

Kubadili g/cm³ kwenda kg/m³, zidisha kwa 1,000. Wengi hugawanya hapo. Jikague kwa tangi la maji la lita 1,000: ujazo wake ni mita moja ya ujazo, na maji yake yana tungamo la kilo 1,000, yaani tani moja. Maji ni 1 g/cm³, hivyo ni 1,000 kg/m³. Jibu lako likidai kwamba mita ya ujazo ya chuma ina kilo 0.00787, umegawanya mahali pa kuzidisha.

Kitu chenye umbo la kawaida

Chukua kipande cha mpingo kilichorandwa vizuri. Pima urefu, upana na kimo, kila kimoja sehemu tatu tofauti, kisha tumia wastani, kwa sababu mbao haina unene uleule mwanzo hadi mwisho. Tuseme umepata sm 12.0, sm 4.0 na sm 2.5. Ujazo ni 12.0 × 4.0 × 2.5 = 120 cm³. Mizani ikisoma gramu 150, densiti ni 150 ÷ 120 = 1.25 g/cm³. Imezidi ya maji, na kweli mpingo huzama. Kipande cha msonobari chenye vipimo hivyohivyo kina karibu nusu ya tungamo hilo au pungufu, nacho huelea.

Kosa la hapa ni kuchanganya milimita na sentimita. Upande mmoja ukiandikwa kwa milimita, ujazo unakua mara kumi na densiti inashuka mara kumi.

Jiwe: kwa silinda

1. Pima jiwe likiwa kavu, kabla halijagusa maji. Jiwe lililolowa lina maji juu yake, nayo yataingia kwenye tungamo. Tuseme ni gramu 79.5.
2. Tia maji kwenye silinda hadi karibu 50. Iache mezani, usiishike mkononi.
3. Inama hadi jicho liwe usawa na uso wa maji. Kwenye kioo uso huo hujikunja, kingo zikipanda ukutani. Soma sehemu ya chini kabisa ya mkunjo. Jicho likiwa juu utasoma namba kubwa kuliko ya kweli, likiwa chini utasoma ndogo. Tuseme ni 50.0.
4. Funga jiwe kwa uzi, ulishushe polepole hadi lizame lote. Ukilidondosha, maji yataruka nje na kitako cha silinda kinaweza kupasuka.
5. Gonga silinda taratibu kwa kidole ili mapovu yaliyonata kwenye jiwe yapande. Kila povu linahesabiwa kama sehemu ya jiwe.
6. Soma tena. Tuseme ni 80.0. Ujazo ni 80.0 − 50.0 = 30.0 cm³, na densiti ni 79.5 ÷ 30.0 = 2.65 g/cm³.

Hilo ni jibu zuri: 2.65 ndiyo densiti ya kwazi, madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mawe na mchanga. Lakini liamini kiasi gani? Silinda ya mililita 100 huwa na mstari kila mililita moja, kwa hiyo kila usomaji unaweza kukosea kwa nusu mililita. Umesoma mara mbili, basi ujazo unaweza kuwa popote kati ya 29 na 31, na densiti kati ya 2.56 na 2.74. Hapo bado unajua una jiwe.

Sasa chukua kokoto ya gramu 10.6 yenye ujazo wa 4 cm³. Kosa ni lilelile la mililita moja, lakini safari hii ujazo unaweza kuwa 3 au 5, na densiti inatapakaa kutoka 2.12 hadi 3.53. Katika nafasi hiyo inaingia kioo (2.5), inaingia alumini (2.70), na hata tanzanaiti inaingia. Kipimo hicho hakijakuambia kitu. Ndiyo sababu vitu vidogo vinavyofanana hupimwa kwa pamoja: tia gololi kumi kwenye silinda, na kosa lilelile moja linagawanyika kwa gololi zote kumi.

Jiwe: kwa mizani peke yake

Njia hii inastahili kufundishwa zaidi kuliko inavyofundishwa, maana haihitaji silinda kabisa, nayo ni sahihi zaidi. Weka bilauri ya maji juu ya mizani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Fungia kokoto kwenye uzi, uning'inize kwenye kijiti kilicholala juu ya marundo mawili ya vitabu, kisha ishushe ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zinazoonekana kwenye mizani ndizo cm³ za kokoto.

Sababu ni kanuni ya Archimedes. Maji yanaisukuma kokoto juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa, nayo kokoto inayasukuma maji chini kwa nguvu hiyohiyo. Mizani inahisi msukumo huo tu. Uzito uliobaki umebebwa na uzi. Na kwa kuwa gramu moja ya maji ni cm³ moja, namba haihitaji hesabu nyingine. Kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi maji ni 0.996 g/cm³, tofauti hiyo ni ndogo, iache.

Kokoto yetu itasoma gramu 4.0. Mizani ikikosea kwa 0.1, densiti iko kati ya 2.59 na 2.72. Linganisha na ule mtapanyiko wa silinda.

Ukipata densiti ya jiwe ni 1.00, uzi umelegea na kokoto imekaa chini: mizani imesoma tungamo lake lote, nawe umegawanya namba kwa namba yenyewe. Ikiwa imegusa chini kidogo tu, jibu litakuwa kati ya 1 na ile ya kweli, na hilo ni baya zaidi kwa sababu linaweza kukupita bila kushtuka. Pia mizani nyingi za jikoni hujizima zenyewe baada ya muda mfupi na kupoteza sifuri, kwa hiyo andaa kijiti na uzi kabla ya kuiwasha.

Kitu kinachoelea

Kipande cha mshumaa hakizami, hivyo kizamishe kwa kukifungia kitu kizito chini yake, kwa mfano nati ya chuma. Kwanza zamisha nati peke yake, mshumaa ukining'inia juu ya maji: tuseme 52.0. Kisha shusha uzi hadi vyote viwili vizame: 68.0. Mshumaa una 16.0 cm³. Ukiwa na gramu 14.4, densiti ni 0.90. Usianzie kwenye usomaji wa kabla ya nati, maana utahesabu chuma kama nta.

Kimiminika

Pima silinda kavu na tupu: gramu 98.4. Mimina mafuta ya kupikia hadi 50.0, upime tena: 144.4. Mafuta ni gramu 46.0, na densiti ni 0.92. Silinda ianze tupu. Ukiipima baada ya kumwaga mafuta, yaliyoganda ukutani yatahesabiwa kama kioo. Anayesahau kutoa uzito wa silinda anapata 144.4 ÷ 50.0 = 2.89, na mafuta yanayoelea juu ya maji hayawezi kuzidi 1.

Mchanga, tofali na chumvi

Gramu 80 za mchanga mkavu zinaweza kujaza silinda hadi 50, yaani 1.6 g/cm³. Lakini sehemu ya ujazo huo ni hewa iliyo kati ya punje. Mimina mchanga huohuo ndani ya mililita 50 za maji, koroga hewa itoke, na maji yatafika karibu 80: punje zenyewe ni 30 cm³, densiti karibu 2.7. Namba zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ndiyo anayoihitaji mtu wa kupakia lori, na ya pili inakuambia punje ni za madini gani.

Tofali la kuchoma hunywa maji, hivyo uso wa maji hupanda pungufu ya inavyotakiwa na densiti hutoka kubwa. Kama ni la pembe nne, lipime kwa rula. Kipande kisicho na umbo kipake nta nyembamba kwanza. Chumvi na sukari huyeyuka kwenye maji. Tumia mafuta ya taa kwenye silinda badala yake. Ile njia ya mizani itahitaji hatua moja zaidi: gawanya gramu ulizosoma kwa densiti ya mafuta hayo, karibu 0.8, ndipo upate cm³.