Kagua injini ya boti kabla hujasukuma majini

Naendesha boti ya dagaa huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tunatoka jua likizama, tunarudi alfajiri. Injini ikizima katikati ya ziwa hakuna fundi wa kumpigia kelele, kwa hiyo ukaguzi ni wa dereva, tena mchana, macho yakiona. Nasemea injini za kuchanganya petroli na oili.

Hatua ya 1: Vibano. Kaza skrubu mbili zinazoshika injini kwenye ubao wa nyuma, mtikisiko huzilegeza. Kisha kagua kamba ya kuifungia injini kwenye boti. Mwenzangu mmoja aliiona kamba hiyo ni urembo tu. Siku injini yake ilipochomoka, tulibaki kutazama mapovu.

Hatua ya 2: Mafuta. Yangu inataka 50 kwa 1, yaani dumu la lita 25 kwa nusu lita ya oili. Yako ifuate kitabu chake. Usikadirie kwa macho. Maji hukaa chini ya petroli, basi usimimine mpaka tone la mwisho. Fungua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tenki. Ukikisahau, injini itawaka vizuri, itakwenda kidogo, itazima, nawe utahangaika na plagi isiyo na kosa.

Hatua ya 3: Propela. Hapa usiwe na haraka, maana ziwa limejaa vipande vya nyavu. Fungua nati, chomoa propela, tazama shafti. Uzi mwembamba ukijisokota pale hukata sili, yaani mpira unaozuia maji, yakaingia kwenye gia, na kwa nje huoni kitu. Toa uzi wote, paka grisi, rudisha kwa pini mpya.

Hatua ya 4: Oili ya gia. Injini ikiwa wima na imepumzika tangu asubuhi, legeza kidogo skrubu ya chini kabisa ya mguu wake. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, yatatangulia kutoka. Pokea matone kidoleni, sugua. Oili nzima huteleza. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imekwisha: usitoke, hata kama jana dagaa walijaa boti. Ukihisi chenga za chuma, meno ya gia yanasagika. Hilo mwite fundi.

Hatua ya 5: Washa, ikiwa majini. Nchi kavu usiwashe hata kidogo, mpira wa pampu ya maji utaungua. Ikiwaka, tazama mkojo wake, yaani maji ya kupoza injini yanayotoka kwa nje. Mchirizi ukiwa dhaifu, zima upesi. Mara nyingi ni mchanga au mizizi ya magugumaji. Zibua kwa waya mwembamba. Mchirizi usipopata nguvu baada ya hapo, mpira wa pampu umechoka.

Kazi kubwa naziweka siku za mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa na boti zimelala ufukweni: kubadilisha mpira wa pampu, kupaka grisi, kufungua plagi (rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye unyevu huenda oili imezidi). Kila nilichogusa nakiandika na tarehe kwenye daftari, linalokaa mfuko mmoja na plagi na pini za akiba. Tajiri mwenye boti akilalamika kwamba naomba hela ya sili kila mara, namfungulia ukurasa asome mwenyewe.