Somo: Uchakavu wa mali na amotaizesheni, kwa mfano wa boti yetu ya Nungwi

Assalaam alaykum wanakikundi. Tulipokuwa tunapitia hesabu za mwaka wiki iliyopita, wengi mlikwama kwenye mstari mmoja: "Uchakavu na amotaizesheni". Mmoja wenu akauliza, "Fedha hizi kalipwa nani?" Suala zuri mno. Jawabu yake ni kwamba mwaka huu hakulipwa mtu. Aliyelipwa kalipwa zamani, siku kitu kiliponunuliwa.

Nianze na kisa changu, kisha tuje kwenye hatua za kuuelewa mstari huo. Amotaizesheni tutaifikia hatua ya 6.

Mimi na ndugu zangu wawili tulichanga tukanunua boti ya faiba ya kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba, tukaiweka Nungwi, Unguja. Ilitugharimu shilingi milioni 40: bodi milioni 22, mashine mbili za nyuma milioni 18. Kila msimu ukiisha tunakaa na daftari la miraba, mapato huku, matumizi kule: mafuta, mabaharia, leseni, matunda na samaki wa wageni. Kwa wastani zikiingia milioni 30 kwa mwaka, zikitoka 20. Zile 10 tunagawana, kila mtu anakwenda zake. Mmoja wetu aliezeka nyumba kwa fedha hizo. Mimi nilikuwa chuoni nasoma uhasibu, na fomula ya uchakavu nimeihifadhi kwa ajili ya mtihani. Haikunipitikia hata siku moja kwamba inalihusu daftari lile.

Mwaka wa nne mashine ya kushoto ikafa mwezi wa Ramadhani. Ya kulia ikatusukuma mpaka Agosti, ikatoa moshi mweupe karibu na Mnemba na wageni sita ndani, ikanyamaza. Tukavutwa na boti ya jirani mpaka pwani, wageni wanapiga picha. Daftari linasema tumepata faida ya milioni 40 kwa miaka minne. Mfukoni hamna hata fedha ya plagi.

Hatua ya 1: Lisikusumbue neno

Kiswahili chetu hapa kinatutega. "Kuchakaa" ni kanga kuchujuka, ni dau kuoza mbao. Kwa hiyo mtu akisikia uchakavu anadhani mhasibu kaenda bandarini kaitazama boti, kaona imepasuka wapi, kaikadiria bei. Sivyo. Uchakavu wa kihesabu ni kuigawa gharama uliyokwishalipa juu ya miaka ambayo kitu kitakufanyia kazi, ili kila mwaka unaofaidika na kitu ubebe sehemu yake ya bei. Kompyuta inaweza kuwa inang'ara kama siku ya kwanza na bado uchakavu wake umekwisha, kwa sababu haipokei tena programu mpya. Wala si bei ya sokoni. Boti yetu kwenye vitabu inaweza kusomeka milioni 28 na mnunuzi akakupa 20, au 35. Vitabu havibishani naye.

Na wala si fedha iliyowekwa pembeni. Hili nalisema mara mbili kwa sababu ndilo lililotuzamisha: kuandika uchakavu hakuweki senti moja benki. Kunakuzuia tu usiite faida kile ambacho si faida.

Hatua ya 2: Jua mambo matatu

Gharama, maisha ya kazi, na thamani ya mabaki. Gharama si bei ya dukani peke yake. Tia na nauli ya meli kutoka Dar, ushuru wa bandarini, na ujira wa fundi aliyeifunga. Maisha ya kazi ni miaka ambayo wewe utakitumia, si miaka ambayo kitu kinaweza kuishi. Ukiwa na desturi ya kuuza gari kila baada ya miaka mitano, andika mitano japo gari itakimbia kumi na tano. Thamani ya mabaki ni unachotarajia kupata siku utakapoachana nacho.

Mawili ya mwisho ni makisio. Mhasibu akikwambia anayajua kwa hakika, mtazame mara mbili.

Hatua ya 3: Kipasue kitu vipande

Hapa watu wengi wanaruka, na hapa ndipo penye fedha. Tungeiandika boti kama kitu kimoja cha miaka 10 chenye mabaki ya milioni 4, uchakavu ungekuwa 40 toa 4, gawa kwa 10: milioni 3.6 kwa mwaka. Lakini bodi na mashine haviishi pamoja. Bodi la faiba likitunzwa linakwenda miaka 10. Mashine inayokunywa chumvi kila siku, miaka minne na ushukuru Mungu.

Basi bodi: 22 toa mabaki 2, gawa kwa 10, unapata milioni 2 kwa mwaka. Mashine: 18 toa mabaki 2, gawa kwa 4, unapata milioni 4. Jumla milioni 6. Tofauti na ile 3.6 ni milioni 2.4 kila mwaka, faida ya uongo. Kiwango cha kimataifa namba 16 cha uhasibu kinataka hasa hivi: sehemu yenye gharama kubwa ihesabiwe peke yake. Ndege nazo zinafanyiwa hivyo, injini mbali na mwili.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kugawa

Njia ya mstari ulionyooka ndiyo niliyotumia hapo juu, kiasi sawa kila mwaka. Inatosha kwa mali nyingi. Njia ya salio linalopungua inachukua asilimia ya kilichobaki, kwa hiyo miaka ya mwanzo inabeba zaidi. Inafaa kwa vitu vinavyopoteza nguvu mapema.

Ya tatu ni kwa matumizi. Mashine zetu, tuseme zitafanya kazi saa 4,000. Milioni 16 gawa kwa 4,000 ni shilingi 4,000 kwa kila saa. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, boti nyingi za kaskazini ya Unguja zilipandishwa mchangani. Mwenye kutumia mstari ulionyooka aliendelea kuandika uchakavu ule ule, maana kitu kulala bure hakusimamishi hesabu. Mwenye kutumia saa aliandika karibu na sifuri. Wote wawili wako sawa, ilimradi njia haikubadilishwa siku ya janga ili kupendezesha vitabu. Kisichoruhusiwa kwa mitambo ni kuufunga uchakavu kwenye mapato, eti mwaka ukiuza kidogo mashine imechakaa kidogo.

Hatua ya 5: Iandike

Debiti (upande wa kushoto) gharama ya uchakavu milioni 6, krediti (upande wa kulia) uchakavu limbikizi, yaani uliojikusanya tangu mwanzo, milioni 6. Ile ya kwanza inakwenda kwenye taarifa ya faida na hasara, ya pili inakaa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni, ikiipunguza boti. Thamani kitabuni inashuka hivi kila mwisho wa mwaka: 34, 28, 22, 16.

Sasa lirudieni daftari letu, kodi tuiweke kando. Fedha 10, toa uchakavu 6, faida ni milioni 4. Kwa miaka minne, 16. Sisi tuligawana 40. Zile 24 zilizozidi zilikuwa ni boti yenyewe, tumeikata vipande tukagawana.

Hatua ya 6: Amotaizesheni

Ni hesabu ile ile, ila kwa mali isiyoshikika: programu ya kompyuta, leseni, hakimiliki. Hoteli ikinunua kwa milioni 9 programu ya kupokea wageni yenye leseni ya miaka mitatu, inaandika milioni 3 kila mwaka. Thamani ya mabaki huwa ni sifuri, kwani nani atakununulia leseni iliyokwisha?

Jina ulilolijenga mwenyewe huliandiki kama mali, hata kama watalii wanakuja kwa jina hilo tu. Jina jema (kwa Kiingereza goodwill) linaonekana kwenye mizania pale tu kampuni moja inapoinunua nyengine na kulipa zaidi ya thamani ya mali zake ukishatoa madeni. Kwa viwango kamili vya kimataifa hilo halifanyiwi amotaizesheni, linapimwa kila mwaka kama bado lina thamani. Kwa viwango vya kampuni ndogo na za kati linagawanywa, na usipoweza kukisia maisha yake, yasizidi miaka 10.

Hatua ya 7: Soma hesabu za wengine

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Mara nyingi mstari wa juu ni faida, na chini yake uchakavu na amotaizesheni vinarudishwa kwa kujumlisha, kwa sababu vilitolewa bila ya fedha kutoka. Kisha nenda kwenye maelezo ya nyuma, jadweli la mali za kudumu. Linganisha uchakavu limbikizi na gharama ya mwanzo. Ukikuta umefika asilimia 85 au 90, kampuni ile inaendesha vyombo vikongwe na manunuzi makubwa yako mlangoni. Kampuni ya simu ni mazoezi mazuri: hesabu za Vodacom Tanzania, iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, zina mitambo ya mtandao upande wa uchakavu na leseni upande wa amotaizesheni.

Mkiona kampuni inajisifia kwa "faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotaizesheni", kumbukeni daftari la Nungwi. Ile milioni 10 yetu ilikuwa ndiyo hiyo.

MASUALA YA WANACHAMA

Mwanachama wa Wete: Mwalimu, mikarafuu nayo inachakaa? Marehemu babu kaacha mikarafuu ya miaka sitini na bado tunachuma.

Inachakaa kihesabu, ndugu yangu. Tangu Januari 2016 viwango kamili vya kimataifa vinauhesabu mti unaozaa miaka na miaka kama mtambo. Unakusanya gharama za miche, kupalilia na vibarua tangu kupanda, na huandiki uchakavu mpaka mti ufike umri wa kuzaa, ambao kwa mkarafuu ni kama miaka sita hadi minane. Hapo unaanza kugawa, na kwa mti huu unagawa kwa miaka mingi. Karafuu zilizo juu ya mti ni hesabu nyengine, zinapimwa kwa thamani ya soko. Lakini usichanganye na hasara ya ghafla. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Mwenye shamba Unguja asingekuwa na haja ya uchakavu tena. Mti uliolala chini unafutwa vitabuni siku hiyo hiyo.

Dada wa Paje: Tuna hoteli ndogo juu ya ardhi tuliyokodi. Ardhi haina uchakavu, sivyo?

Ardhi unayoimiliki haina, bibie, kwa kuwa haiishi. Lakini wewe huna ardhi, una haki ya kuitumia kwa muda, na muda unaisha. Tangu 2019, kwa wanaofuata viwango kamili, haki hiyo inaandikwa kama mali na kugawanywa kwa miaka ya mkataba. Angalia na majengo: ukijenga nyumba ya kuishi miaka 50 juu ya mkataba uliobaki miaka 33 usiotarajiwa kuongezwa, igawe kwa 33.

Mwanachama wa Mkoani: Watu wa kodi watakubali miaka nitakayokisia?

Hawatakubali, wana yao. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imepanga mali kwa madaraja. Kompyuta na gari ndogo ni asilimia 37.5 ya salio, vyombo vya majini na mitambo ya viwanda 25, samani za ofisi 12.5, na majengo ya kawaida asilimia 5 kwa mstari ulionyooka. Boti yetu kwa kodi ingeandikwa milioni 10 mwaka wa kwanza, 7.5 wa pili, 5.625 wa tatu. Kwa hiyo unaweka hesabu mbili, moja ya wenye mali, moja ya kodi. Huo si wizi, ndio utaratibu.

Mwanachama wa Mlandege: Sevisi ya mashine naitia kwenye mali au matumizi?

Oili, plagi, kusafisha: matumizi ya mwaka huo huo. Ukitoa kipande kikubwa ukatia kipya kitakachodumu miaka, hicho ni mali, na cha zamani kifute. Jambo hili si dogo. Kampuni ya WorldCom ya Marekani ilifichuka Juni 2002 kwamba gharama zake za kawaida za kukodi njia za simu iliziandika kama mali, kwa hesabu ya awali dola bilioni 3.8. Faida ikaonekana nene. Mwezi uliofuata ikafilisika.

Dada wa Chake Chake: Afisa wa benki kanipa karatasi ya mkopo, akaiita amotaizesheni. Ndiyo hii?

Jina moja, kazi mbili. Hiyo ni ratiba ya kulipa mkopo kidogo kidogo, na fedha inatoka kweli kila mwezi. Hii yetu haitoi fedha.

Mwanachama wa Nungwi: Mwisho wa boti ile ilikuwaje?

Tulikopa, tukafunga mashine mpya. Zile mbili mbovu kwenye vitabu nilivyovitengeneza upya zilibaki na milioni 2. Fundi mmoja wa Mkokotoni akazichukua kama spea kwa milioni moja na laki nne, kwa hiyo nikaandika hasara ya laki sita kwa kuuza mali. Mashine mpya nikaziandikia miaka mitatu, si minne, na mabaki milioni moja. Kaka yangu mkubwa alipoona mgao wa mwaka ule akaniuliza kama nimesomeshwa kwa fedha yake ili nije kumpunguzia.