Injini Imekufa Kabla Hujamaliza Mwezi na Gari Lako la Kwanza: Fanya Haya Kabla Haijafunguliwa

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana wa miaka 18 au 19 aliyenunua gari la kwanza mkononi mwa mtu, Vitz, IST au Passo, na kabla ya mwezi kuisha injini ikazima njiani. Mifano yangu mingi ni ya injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST nyingi, kwa kuwa ndiyo ninayoishika zaidi gereji hapa Dar es Salaam. Utaratibu ni huo huo kwa gari lolote la petroli.

Kabla ya yote, mdogo wangu, elewa jambo moja. Injini iliyokufa ikiwa bado imefungwa ni ushahidi wako. Ikishafunguliwa na fundi wa upande wako peke yake, muuzaji atasema mmeiharibu wenyewe, na hutakuwa na la kumjibu.

Hatua ya 1: Zima, usipige starta tena

Watu wengi humalizia injini hapa. Taa ya oili imewaka, gari limezima, mtu anasubiri dakika kumi kisha anapiga starta "ajaribu". Taa ile haikukumbushi tarehe ya kumwaga oili. Inasema presha ya oili imepotea, na kila mzunguko wa krenki, ile shafti kuu ya injini, bila presha unasaga beringi. Kama taimingi cheni imeruka, kila ukipiga starta pistoni inaweza kugonga valvu. Kama gari limechemsha, gasketi iliyoungua kidogo inageuka kuwa hedi, yaani kichwa cha injini, iliyopinda.

Vitz na IST nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka, egesha na uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, maji yale yanaruka na kuunguza uso. Wala usimwagie injini maji baridi.

Hatua ya 2: Weka pembetatu, ita breki dauni, mwambie mzazi

Gari la otomatiki lenye kuvuta kwa mbele lisikokotwe kwa kamba huku magurudumu ya mbele yakizunguka chini, gia boksi itapata shida yake. Libebwe lote au linyanyuliwe mbele.

Mwambie mzazi au mlezi siku hiyo hiyo. Nalisema hili kwa uchungu, maana vijana wanaoficha ndio wanaoangukia kwa fundi wa kwanza aliyesema "nipe laki mbili nianze nayo". Fundi huyo anaifungua usiku, na asubuhi hakuna anayejua kipi kilikuwa kizima.

Hatua ya 3: Piga picha gari zima

Kabla gari halijabaki gereji ya mtu, piga picha kilomita kwenye dashibodi, kiwango cha mafuta, betri pamoja na tarehe yake, alteneta, matairi, na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Zisipofanana, tayari una swali la kumuuliza muuzaji, na si dogo. Kwa koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na alteneta, weka alama ndogo ya rangi sehemu isiyoonekana haraka. Gari likikaa muda mrefu bila mwenyewe, vifaa vyake huhamia kwenye magari mengine.

Hatua ya 4: Soma dalili bila kufungua

Anza na betri, kwa sababu ni rahisi. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Kama starta ilikuwa ikitoa mlio wa "tik" tu, kaza kwanza vichwa vya betri na uangalie fyuzi. Kuna injini nyingi zilizotangazwa zimekufa kumbe ni kichwa cha betri kilicholegea.

Kisha vuta dipstiki na usiharakishe. Ipanguse, irudishe, ivute tena. Ikitoka kavu, injini ilikuwa ikila au kuvujisha oili na hakuna aliyekwambia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi. Chukua tone moja, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, ulitazame juani. Vumbi linalometa rangi ya fedha au shaba ni beringi zilizosagika. Angalia pia uzito wake. 1NZ-FE kwa kawaida hutumia oili nyepesi, 5W-30. Ukikuta oili inayovutika na kushuka kwa shida, yawezekana mtu aliweka nzito, au alichanganya dawa ya kuzibia, ili mlio wa kugonga usisikike siku ulipokuja kulijaribu gari. Chota kiasi kwenye chupa safi, andika tarehe, weka nyumbani.

Rejeta ikipoa kabisa, ifungue. Maji ya kutu yasiyo na kulanti (dawa ya kupoozea injini) hata kidogo yanaonyesha matunzo yalivyokuwa. Utando wa mafuta juu yake ni dalili nyingine ya gasketi. Ukikuta chembechembe za kahawia zilizogandamana kwenye kingo, hiyo ni dawa ya kuziba rejeta. Aliyeiweka alijua kuna maji yanayopotea.

Sasa washa swichi bila kupiga starta. Taa ya oili na ya cheki injini lazima ziwake zote mbili. Ambayo haiwaki imetolewa balbu au imekatwa waya. Irekodi kwa video, na dashibodi yote ionekane. Kati ya hila zote za kuuza gari bovu, hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote, kwa kuwa inamnyima dereva onyo la mwisho.

Unganisha mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. P0301 mpaka P0304 hutaja silinda inayokosa moto, na P0016 huonyesha krenki na kamshafti (shafti inayofungua valvu) haziendi pamoja, mara nyingi cheni imelegea. Mwombe fundi aangalie pia kama kumbukumbu ya kompyuta ilifutwa karibuni. Kodi zilizofutwa siku ya mauzo zinaeleza mengi.

Mwisho wa hatua hii, izungushe injini kwa mkono. Gia iwe N, breki ya mkono imevutwa, soketi kwenye nati ya puli ya krenki, zungusha kuelekea mshale wa saa. Ikikamilisha mizunguko miwili bila kukwama, bado kuna matumaini. Ikigoma, toa plagi zote kisha ujaribu tena. Ikiachia na maji yakaruka kwenye tundu la plagi, haikukamata. Ilijaa maji silindani, na gharama yake ni tofauti kabisa. Ikigoma hata plagi zikiwa nje, imenoki, yaani imekamata.

Hatua ya 5: Pima kompresheni

Kompresheni ni nguvu ya kila silinda kugandamiza hewa. Kipimo hiki ni kwa injini inayozunguka kwa mkono na yenye oili tu. Toa plagi zote, chomoa plagi za umeme za koili na nozeli, funga geji, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, piga starta kwa sekunde chache. Andika namba ya kila silinda.

Kwa 1NZ-FE iliyo nzima, tarajia kama psi 213. Kiwango cha chini cha kiwanda ni psi 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda moja ikiwa chini, dondoshea kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Zote nne zikiwa karibu na sifuri na starta inazunguka kirahisi mno, elekeza macho kwenye cheni.

Fundi asiyetaka kupima kompresheni lakini ana uhakika injini ibadilishwe, mshukuru uondoke.

Hatua ya 6: Mwandikie muuzaji

Simu ni maneno ya hewani. Andika, na uandike kwa heshima, hata kama moyo unachemka. Namna hii inatosha:

"Shikamoo kaka. Ni mimi niliyenunua IST ya silva Jumamosi iliyopita. Jana taa ya oili iliwaka nikiwa Mbezi, nikazima hapo hapo. Gari halijafunguliwa. Fundi amepima kompresheni, silinda ya pili na ya tatu ziko chini, picha nakutumia. Naomba uje wewe au fundi wako kabla ya Alhamisi tuifungue pamoja."

Usitaje polisi, usitukane, usiseme "umeniibia". Unajenga rekodi inayoonyesha ulitoa nafasi. Kama kulikuwa na dalali, mtumie na yeye.

Kisheria, hapa Tanzania msingi wako ni huu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatofautisha kunyamaza na kuficha. Muuzaji kunyamaza tu kuhusu ubovu kwa kawaida si udanganyifu, na kama ungeweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida, utabanwa nao. Kuuficha kwa vitendo ni jambo jingine. Ndiyo maana nimekusumbua na balbu iliyotolewa na chupa ya oili. Ukiwa ulinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni magari, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakupa nguvu zaidi kuliko ulipouziwa na jirani. Na kama ulisaini mkataba ukiwa hujatimiza miaka 18, mkataba wenyewe hauna nguvu, kwa hiyo mzazi aingie kwenye mazungumzo mapema. Watoa msaada wa kisheria wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, na huhitaji kuwa na fedha za wakili ili kusikilizwa.

Mara nyingi suala huishia kwa muuzaji kuchangia sehemu ya gharama. Kubali kilicho halali, kiandikwe na kusainiwa.

Hatua ya 7: Ifunguliwe mbele ya watu

Muuzaji akija, vizuri. Asipokuja baada ya tarehe uliyompa, awepo fundi wa pili asiyehusika, na video iwake tangu boliti ya kwanza. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishushwe kabla ya hedi, maana hadithi ya beringi imelala pale chini. Vifaa vilivyotolewa viwekwe kwenye boksi lako.

Hatua ya 8: Kusuka au kubadili

Gasketi peke yake hutengenezeka. Hedi ipelekwe kwa mafundi wa mashine ipimwe kwa rula iliyonyooka na filagaji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Kwenye 1NZ-FE ikipinda zaidi ya milimita 0.05, isawazishwe kwanza. Kuibandika hivyo hivyo ni kununua gasketi ya pili.

Krenki ikishakwaruzwa na konrodi kupata moto, hesabu inabadilika. Kuisuka injini ndogo upya kwa vifaa vya kweli mara nyingi hukaribia au kuzidi bei ya injini ya mtumba kutoka Japani, na mafundi wa krenki wenye vipimo sahihi ni wachache. Kwa gari la kijana, mimi napendekeza mtumba. Lakini jumla ya gharama ikizidi nusu ya bei ya gari, kaeni na mzazi mfikirie pia kuliuza lilivyo, na mnunuzi aelezwe ukweli wote.

Ukienda Gerezani, mtaa wa vipuri vya magari hapa Dar, usiridhike na neno "hii ni 1NZ". Linganisha throttle, ule mlango wa kuingizia hewa: kuna ya kebo na kuna ya umeme, na hazibadilishani kirahisi. Fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi; tope jeusi lililoganda, iache. Izungushwe kwa mkono mbele yako. Pata risiti yenye namba ya injini na muda wa kurudisha.

Kabla haijapanda garini, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, thermostati na plagi. Vitu hivi ni rahisi injini ikiwa chini; sili hasa, injini ikishafungwa ni kazi ya siku nzima. Rejeta ioshwe au ibadilishwe. Siku ya kuiwasha, piga starta plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime, ndipo plagi zirudi. Jaza kulanti, toa hewa, acha iungurume mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 1,000 tu.

Kisha nenda TRA ukabadilishe namba ya injini kwenye kadi, ukiwa na risiti ya injini mpya, na uwajulishe watu wa bima. Kadi yenye namba ya injini iliyokwishatupwa itakukwamisha siku ya kuuza, au siku askari atakapofungua boneti.