Potifolio ya mtandaoni kwa mwanachuo wa Tabora na Kigoma

Potifolio ni mkusanyo wa kazi zako unaomwonyesha mwajiri unachoweza. Chagua kazi tatu hadi tano, si kila ulichowahi kufanya. Wa ualimu aweke andalio la somo na zana alizotengeneza. Wa uhasibu, jedwali la mapato na matumizi ya kikundi cha wafuga nyuki. Wa maendeleo ya jamii, ripoti ya mafunzo kwa vitendo kutoka Kasulu au Kibondo. Chini ya kila kazi eleza tatizo lilikuwa nini, wewe binafsi ulifanya nini, kwa zana zipi, na nini kilibadilika. Hapo pa pili wengi huharibu kwa kuandika "tulifanya". Mwajiri haajiri kikundi.

Pa kuziweka ni Google Sites, huduma ya Google ya kutengeneza tovuti: ni bure na hufunguka vizuri kwenye simu. Punguza kila picha isizidi KB 300, maana mtandao wa huku mnaujua wenyewe.

Kosa linaloua potifolio nyingi ni faili la Google Drive lililofungwa: mwajiri akibofya anaambiwa aombe ruhusa, naye haombi. Ruhusu yeyote mwenye kiungo aone, asihariri, kisha jaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Sura za wanafunzi na majina ya wakimbizi au wateja ficha kabla ya kupandisha. Ripoti ya ofisi iombee idhini ya maandishi kwa msimamizi.

Kiungo kikae juu kwenye wasifu wako, chini ya namba ya simu. Ukimwandikia mwajiri, mpeleke kwenye kazi moja inayofanana na nafasi yake: "Ndugu Meneja, hizi ni hesabu za ghala nilizoandaa nikiwa mafunzoni. Naomba maoni yako."