Titicaca, La Paz na Chai ya Koka: Dereva wa Lori, Soma Hapa Kabla Hujakata Tiketi

Naanza na lililo kubwa. Kama unaishi Marekani na unaendesha lori, basi la shule au chombo chochote kinachodai leseni ya CDL, ile ya magari makubwa ya biashara, usinywe chai ya koka, yaani ya majani yenye kokeini ndani yake, ukiwa Peru wala Bolivia. Hata kikombe kimoja. Hata kama mwenye hoteli anakuapia kwa Bikira Maria kwamba ndiyo dawa ya kichwa kinachouma kwa mwinuko, na hata kama kichwa kweli kinapasuka.

Chai hiyo inakupata kwa njia ya ukarimu. Unafika Cusco kule Peru, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, pumzi imekata, begi hujalitua mgongoni, na pale mapokezi kuna chupa ya maji ya moto, vikombe, na bakuli la majani makavu yanayofanana na majani ya mpera, ila madogo. Bure kabisa. Inaitwa mate de coca. Mabibi wanakunywa, mapadre wanakunywa, na kwa sheria za kwao hakuna kosa lolote. Katiba ya Bolivia ya 2009 inaulinda mmea huo kama urithi wa taifa, na nchi hiyo ilifikia hatua ya kujitoa kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ikarudi 2013 kwa sharti kwamba watu wake waachwe watafune koka yao. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mzee wa Meru anatafuna miraa yake hadharani na hakuna anayemgusa, lakini ukishuka nayo London, ambako imepigwa marufuku tangu 2014, ni kesi. Ukivuka nayo mpaka kuingia Tanzania tu, ni kesi.

Yaliyonikuta ni haya. Kikombe changu cha mwisho nilikinywa alfajiri ya kuondoka La Paz, Bolivia. Nikarudi Texas, nikaripoti kazini, jina langu likatoka kwenye upimaji wa kushtukiza. Nikatoa mkojo kwa amani zangu zote. Baadaye ikaja simu ya daktari anayekagua matokeo: umekutwa na kokeini, una maelezo yoyote ya kitabibu? Nikamweleza chai, nikamweleza hoteli, nikamwambia nina picha za bakuli lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa sauti laini kabisa, kisha akasema anasikitika sana, kanuni haimruhusu kuikubali chai ya koka kama maelezo.

Na kweli haimruhusu. Kanuni za Wizara ya Usafirishaji, sehemu ya 40, kifungu cha 151, zinaitaja chai ya koka kwa jina na kumzuia daktari kuitumia kukusafisha. Maabara haiulizi kama ulilewa. Inatafuta benzoilekgonini, masalia yanayobaki mwili ukishaivunjavunja kokeini, na jani la koka lina kokeini ndani yake hata kama ni kidogo kiasi gani. Kipimo cha kwanza kinashtuka kuanzia nanogramu 150 kwa mililita, na kikombe kimoja kinatosha kuvuka hapo. Hukuhisi chochote zaidi ya ulichohisi kwa chai ya rangi? Haijalishi. Maabara haipimi hisia.

Baada ya hapo jina lako linaingia kwenye Clearinghouse, daftari la serikali kuu ambalo kila mwajiri wa madereva analazimika kulitazama. Tangu Novemba 2024, jimbo lako nalo linalazimika kukuondolea hadhi ya CDL mpaka umalize utaratibu wa kurejea. Utaratibu wenyewe: mtaalamu anakuhoji na kukupangia masomo au matibabu, kisha unapimwa tena, safari hii mtu amesimama anakuangalia ukikojoa, kisha unapimwa kwa kushtukizwa angalau mara 6 ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Rekodi inakaa miaka 5, au zaidi kama hujamaliza. Na huyo mtaalamu mara nyingi unamlipa kutoka mfukoni mwako, wakati huo lori limeegeshwa na mkopo wake haujaegeshwa.

Nitasema neno kuhusu Wamarekani, mnisamehe. Ni watu wema. Kila niliyeongea naye alinionea huruma ya kweli, na hakuna aliyenyanyua kidole. Nyumbani ukiwa na shida ofisini, unaketi, unaeleza, mkubwa anaguna, anatafuta upenyo. Hapa kila mtu ameshika karatasi yake na karatasi haina masikio. Kuna majimbo yenye duka la bangi pembeni ya duka la viatu, halali ya jimbo, na New Jersey kuna kampuni yenye kibali cha kuingiza majani hayo hayo ya koka kutoka Peru, kuyatoa kokeini na kutengeneza kiungo cha ladha ya soda ambayo mimi na wewe tumeinywa tangu ubatizo. Lakini mbeba boksi na kikombe chake, hapana.

Kwa hiyo narudia. Si chai peke yake. Kuna peremende za koka, biskuti za koka, unga wa koka. Bolivia kuna pakiti ya majani matatu yaliyochanganywa, inaitwa trimate, na koka imo humo mara nyingi, kwa hiyo soma boksi. Jifunze kusema "sin coca, por favor" kabla hujajifunza kusema asante. Omba muña, majani ya milimani yenye harufu ya mnanaa. Kule visiwani kwenye ziwa Titicaca wanaiweka nzimanzima kwenye kikombe na inatuliza tumbo vizuri tu. Wauguzi na mnaotunza wazee, waajiri wenu hawafuati kanuni za madereva, wana zao. Msidhani ndiyo zina huruma zaidi.

Sasa huo mwinuko wenyewe, maana ndio unaokusukuma kwenye kikombe. La Paz iko kama mita 3,640, karibu sawa na kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro, na uwanja wa ndege wa El Alto umepita 4,000. Titicaca liko 3,812. Mjomba wangu wa Moshi aliniambia kwenye simu, "Sisi watu wa mlima, hatuumwi kichwa." Mjomba, nakuheshimu, lakini Moshi mjini haifiki hata mita elfu moja. Panda kwa barabara, lala Arequipa kwanza, kwenye mita 2,300 na kidogo, kisha Cusco, kisha Puno, kando ya Titicaca. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mwombe daktari wako kabla ya safari, na kama Septrini au Fansida iliwahi kukuvimbisha, mwambie. Mwambie pia kama una selimundu au hata kinasaba chake tu, hasa nyie wa Kanda ya Ziwa: huko juu bandama inaweza kupata madhara kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa maisha yake yote.

Viza inatazama pasipoti yako, si kadi ya kijani, uliza ubalozi. Kadi ya njano unaijua, ibebe. Mpakani Kasani, gonga muhuri wa kutoka Peru kwanza, kisha tembea kwa miguu upande wa Bolivia. Pale mlango wa Tiquina, sehemu nyembamba ya ziwa, basi linavushwa kwenye jahazi la mbao na abiria mnapanda mashua, hivyo pasipoti ikae nawe. La Paz panda Teleférico, vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye kamba angani, utaona mji wote kwa nauli ndogo. Usishangae ukiona watu wanafinyana ukipita: wanaamini kumwona mtu mweusi ni bahati. Iliniudhi, kwa sababu saa chache tu kutoka hapo, bondeni Yungas, kuna Wabolivia weusi, wajukuu wa watumwa, na wao ni wakulima wa koka hiyo hiyo.

La mwisho ni ndugu. Shangazi ataona picha zako, atasikia majani hayo yanashusha sukari, ataomba pakiti moja tu. Usibebe. Forodha ya Marekani haimruhusu msafiri kuingiza jani la koka kwa matumizi yoyote, chai ikiwemo, na mwenye kadi ya kijani ana mengi ya kupoteza pale dirishani kuliko mwenye uraia. Mletee kofia ya alpaka. Igeuze uangalie ndani kwanza, maana nyingi zinazouzwa Cusco kwa jina hilo ni akriliki.