Jinsi ya Kumuuguza Mwenye UVIKO-19 Nyumbani Bila Kuambukizana

Anayemuuguza mgonjwa wa UVIKO-19 nyumbani aanze na hewa kabla ya kushika ndoo na sabuni. Mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au hata anapopumua tu, hutoa matone ya kila ukubwa. Makubwa huanguka karibu naye, lakini madogo yasiyoonekana kwa macho huelea na kutanda chumbani kama moshi wa udi, yakamfikia hata aliyeketi pembe ya mbali. Tarehe 10 Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Baadaye 53 kati yao, yeye akiwemo, walihesabiwa kuwa wagonjwa, 33 wakithibitishwa kwa vipimo, na wawili walifariki.

Kwa hiyo mgonjwa apewe chumba chake, madirisha yafunguliwe kadiri usalama unavyoruhusu, na mlango wa kuelekea sebuleni ufungwe. Feni iwekwe karibu na dirisha ikitazama nje ili iitoe hewa ya chumbani; ikiwekwa nyuma ya mgonjwa na kuelekezwa mlangoni, itawapelekea wenzake kirusi kile kile wanachokikwepa. Kiyoyozi cha ukutani kisitegemewe, kwa kuwa kwa kawaida huipoza hewa iliyomo na kuizungusha bila kuingiza mpya. Januari 2020, katika mgahawa usio na madirisha huko Guangzhou, China, watu 10 wa familia tatu zilizoketi meza jirani waliugua, na wachunguzi waliutaja mkondo wa hewa ya kiyoyozi kuwa ndio uliohusika.

Familia nyingi hupanga chumba kimoja, na ushauri wa kumtenga mgonjwa huwa mgumu kwao. Hapo mgonjwa na anayemhudumia wavae barakoa zinazobana vizuri puani na mashavuni, na wengine wapike, wale na kuzungumza nje. Kama nguvu zinatosha kwa jambo moja tu, basi liwe hewa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho, pua au mdomo, kwani macho nayo ni mlango wa kirusi. Kwa UVIKO-19, maambukizi kupitia vitasa na meza ni machache, lakini kirusi kiitwacho RSV, kinachowaletea watoto wachanga nimonia na shida ya kupumua, hupenda sana njia ya mikono. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1981, watu 5 kati ya 7 waliowabeba watoto wenye RSV waliambukizwa, na 4 kati ya 10 waliogusa vitu vyao tu. Kati ya 14 walioketi kando bila kugusa chochote, hakuna aliyeambukizwa. Kwa sababu hiyo bibi au shangazi mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga, hata kama kumkatalia ni kugumu.

Njia adimu zaidi ni ya mabomba ya choo. Machi 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliambukizwa SARS, ugonjwa wa kirusi cha ukoo mmoja na cha UVIKO-19, na 42 walifariki. Wachunguzi walihitimisha kwamba mgonjwa aliyeharisha alitumia choo katika jengo mojawapo, na kwa kuwa maji yaliyopaswa kukaa kwenye bomba lililopindwa chini ya tundu la sakafu ya bafu yalikuwa yamekauka katika nyumba nyingi, feni za bafuni zilivuta matone ya majitaka hadi ndani. Mwenye nyumba ya ghorofa amwagie maji matundu ya bafu lisilotumika kila wiki, afunike choo kabla ya kuvuta maji, na harufu ya majitaka ikizidi kusikika bafuni baada ya hapo, amwite fundi bomba.