Somo: Chakula cha kugandisha kwa waliopata mtoto, kuanzia sufuriani hadi kwenye friza

Mara ya kwanza kumpikia mzazi, niliijaza friza ya dada yangu mabakuli kumi na mawili, nikarudi nyumbani kifua mbele. Wiki mbili baadaye akanipigia simu saa tisa usiku, mtoto analia pembeni: "Hiki chekundu ni mchuzi wa maharage au ni nyanya tupu?" Sikujua. Sikuwa nimeandika kitu hata kwenye bakuli moja. Tena kila moja lilikuwa la kushibisha watu sita, gumu kama tofali, na yeye alitaka chakula cha mtu mmoja, ale kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umembeba mtoto. Usiku ule alikula mkate mkavu.

Tangu hapo nikipika namfikiria mtu huyo wa saa tisa usiku. Hatua zote zilizo hapa chini zinamhusu yeye.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujawasha moto

Friza yao ina nafasi kiasi gani? Kuna chakula kinachomletea mtu mzio? Wanapashia kwa jiko au kwa maikrowevu? Halafu anza kupika mimba ikiwa na miezi minane, usingoje wa tisa uishe. Watoto wengine hawasubiri tarehe.

Hatua ya 2: Chagua vinavyokubali barafu

Maharage, dengu, nyama ya mchuzi, nyama ya kusaga, supu nzito na mboga za majani zilizopikwa hutoka kwenye friza karibu vilevile vilivyoingia. Vipande vya viazi ndani ya mchuzi huwa chengachenga, ute mweupe wa yai la kuchemsha huwa kama mpira, sosi ya krimu hukatika, na kilichokaangwa hupoteza ukavu wake wote. Tango na saladi usijaribu kabisa. Tambi zitoe dakika mbili kabla hazijaiva, zitamalizikia kwenye kupashwa.

Maharage mekundu yaloweke, mwaga yale maji, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, hata ukiyaacha jikoni siku nzima.

Viungo weka kwa mkono mwepesi. Karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu hukolea au huwa na uchungu vikikaa kwenye barafu. Chumvi ataongeza mwenyewe.

Hatua ya 3: Poza haraka

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu sufuria iliyofunikwa juu ya meza inaonekana haina neno. Kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi bakteria huzaana kwa kasi, na katikati ya sufuria kubwa joto hilo hudumu saa nyingi. Lengo ni chakula kiwe kimeingia kwenye baridi ndani ya saa 2 tangu kitoke jikoni.

Kimwage kwenye sinia au vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5. Supu iache kwenye sufuria, ila ikalishe ndani ya beseni la maji na barafu, ukoroge kila baada ya dakika chache. Utaona mvuke unapungua, na ukishika sufuria kwa nje unaihisi vuguvugu, kisha baridi. Usiingize sufuria ya moto kwenye friza: itayeyusha majirani zake. Na friza haiui bakteria, inawalaza tu. Chakula kilichoingia kimeshaharibika kitatoka kimeharibika.

Wali uharakishe zaidi, ndani ya saa 1 ukiweza. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi wali unapoiva, na sumu anayoitoa wali ukikaa kwenye joto haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue.

Hatua ya 4: Gawa kwa mtu mmoja mmoja

Mililita 300 hadi 400 zinatosha. Wakitaka kula wawili, watatoa viwili. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu. Chupa ya kioo yenye shingo nyembamba itapasuka, nimeshafuta hiyo aibu.

Mimi napenda mifuko ya zipu. Ivishe ndani ya jagi, kunja mdomo wake nje ili zipu isipakae mchuzi, mimina kwa upawa. Itoe, ilaze mezani, ipapase kwa kiganja kutoka chini kwenda juu mpaka hewa itoke, kisha funga. Igandishe ikiwa imelala juu ya sinia. Ikishaganda unaisimamisha kama vitabu kwenye rafu, na kwa kuwa ni myembamba huyeyuka upesi.

Hatua ya 5: Andika

Andika kabla ya kujaza, maana mfuko wenye unyevu hukataa wino. Jina, tarehe, na maelekezo ambayo mtu asiyelala siku tatu ataelewa: "Dengu, mtu 1. Weka kwenye sufuria na maji vijiko 3, chemsha ukikoroga." Bandika pia orodha ya vilivyomo kwenye mlango wa friza, wafute kila wanachotoa.

Hatua ya 6: Hifadhi na pasha

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiingize vyote siku moja, itazidiwa. Kwa ladha nzuri, kiliwe ndani ya miezi 3.

Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, au mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30. Supu na mchuzi huweza kwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Pasha mpaka kitoe mvuke hadi katikati, nyuzi 74 kama una kipimajoto, na pasha kile kitakacholiwa tu.

Maswali ya wanachama

*Umeme ukikatika je?*
Usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia baridi takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi, chenye barafu bado au kilicho baridi kama cha kwenye friji kinaweza kurudishwa. Kilichopata joto kitupe, hata kama kinanukia vizuri.

*Niliyeyusha mifuko miwili, nikala mmoja. Naweza kuugandisha tena?*
Kama uliyeyukia ndani ya friji, ndiyo, ingawa utalegea zaidi. Mimi ningeuacha kwenye friji, niule ndani ya siku 3. Kama uliyeyukia mezani, hapana.

*Nina kile kichumba kidogo cha barafu ndani ya friji tu.*
Pima joto lake, maana vingi havifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama hakifiki, weka chakula cha wiki moja tu. Pia pika mchuzi uwe mzito sana, maji yaongezwe wakati wa kupasha. Hakuna haja ya kugandisha maji.

*Maziwa yangu ya kumnyonyesha mtoto yanaweza kukaa friza moja na nyama?*
Yanaweza, dada, mradi kila kitu kimefungwa. Yaweke nyuma kabisa, si mlangoni. Ni mazuri zaidi ndani ya miezi 6. Yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena, na usiyapashe kwenye maikrowevu: hupata sehemu za moto zinazoweza kumuunguza mtoto.

*Mimi ndiye baba mtarajiwa na sijui kupika hata chai. Nisaidie nini?*
Kaka, kupika ni nusu tu ya kazi. Poza, jaza, andika, panga friza. Kisha jifunze kupasha vizuri, ili yeye asiamke kabisa kwa ajili hiyo.

*Vyombo vyangu nivifuate lini?*
Usivifuate. Pelekea kwenye vyombo ambavyo hutavililia vikipotea, na uwaambie hivyo siku unapovileta, wasijisikie kudaiwa. Dada yangu alinirudishia mabakuli manane kati ya yale kumi na mawili, mengine sijui yaliko na siulizi.